Miaka Yote Kisogo kwa Jua: Tunamuaga Mwongozaji Shao Meizhu

Watu husema Mlima Huangshan una maajabu manne: misonobari, miamba, mawingu na chemchemi za maji moto. Waliohesabu hivyo walikuja siku ambayo mimi nilikuwa likizo. Ajabu la tano ni mimi, Ling Changgen wa machela, na sisemi kwa majivuno, nasema kwa ushahidi. Mabega haya yamepandisha mabosi, maharusi, bibi mmoja aliyekataa kuachana na sanduku lake la vyungu, na mtu wa Shanghai mnene kiasi kwamba ngazi za mawe tulizopita naye zimelegea mpaka leo. Kwa hiyo ofisi ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wa mstaafu katika jarida letu la wafanyakazi, haikuzunguka sana. Bwana Xiang, mkuu wa kituo chetu, alinishika mkono akasema, "Kaka Ling, ni wewe pekee." Baadaye nilisikia kwamba wengine wote walidai wana kazi siku hiyo, lakini hilo halibadilishi maana ya neno pekee.

Basi. Mwongozaji Shao Meizhu, ambaye sisi wote tunamwita Dada Shao, amestaafu tarehe thelathini mwezi Novemba, baada ya kuwaongoza watalii katika mlima huu kwa miaka thelathini na mmoja. Bwana Xiang aliniagiza niandike mafanikio tu, nisiandike watu wanavyosemezana, kwa kuwa wasifu ni kitu cha heshima. Nilijaribu. Lakini ukiondoa maneno ya Dada Shao katika maisha ya Dada Shao, kinachobaki ni kofia na viatu.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba kutoka kijiji cha wakulima wa chai chini ya mlima, mwenye sauti ya kumwita baba yake aje kula kutoka ng'ambo ya bonde. Wakati huo kituo kizima kilikuwa na kipaza sauti kimoja, nacho kilikaa kabatini kama mwana wa mfalme. Dada Shao hakukihitaji. Akisema "Karibuni" kwenye lango la mashariki, watu wa lango la magharibi wanaitika "Asante". Mimi mwenyewe nimewahi kumsikia nikiwa mjini Tunxi, nimeketi kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi ni shahidi, ila amehama.

Kazi yake aliifanya kwa namna moja tangu siku ya kwanza: kinyumenyume. Wapo waongozaji wanaotangulia na kibendera chao juu, kikundi kikiwafuata kama bata waendao mtoni. Dada Shao alipanda mlima huu uso ukiwaelekea watu wake na mgongo ukielekea alikokwenda, katika mvua, theluji na misongamano ya sikukuu, na hajajikwaa. Jiwe la kumkwaza Dada Shao bado halijachongwa. Wageni walimwonya kila siku, "Mwongozaji, angalia nyuma yako!" Naye aliwajibu kila siku, "Nyuma yangu pana mlima, na mlima hauendi popote. Mnaotangatanga ni ninyi."

Lazima niseme kwamba miaka ya mwanzo mimi na yeye hatukupikika chungu kimoja. Mimi na mwenzangu Zha Mingkui, anayeshika miti ya nyuma ya machela, hukaa pale kwenye kituo cha mapumziko ambapo magoti ya watu wa mjini huanza kutoa ushauri. Mteja anahema, sisi tunatabasamu, kila mtu anapata riziki yake. Ndipo anapotokea Dada Shao, kinyumenyume, na kikundi chake. Siku moja tulikuwa tumeshampata bosi mmoja wa kiwanda cha soksi, ameshaweka kalio moja kitini.

"Bosi, unakwenda wapi?" akauliza Dada Shao.

"Juu."

"Juu hakupandwi kwa makalio. Shuka."

"Lakini nimeshapatana nao bei!"

"Patana na miguu yako kwanza. Tutembee mpaka kwenye ule msonobari. Ukishindwa nitakubeba mimi."

Yule bwana akamtazama, mama mwembamba wa kilo chache, akaona aibu, akashuka. Akatembea hadi kwenye msonobari, kisha hadi kwenye msonobari mwingine, kisha akafika kileleni akapigwa picha ameinua mikono kama bingwa wa dunia. Mimi nikabaki na machela yenye joto la kalio moja.

"Dada Shao," nikamfokea, "unatia mchanga kitumbua changu!"

"Kitumbua chako kizito mno, Ling. Tangu juzi unashika kiuno ukidhani hakuna anayekuona. Ungemwangusha yule bwana, na wewe ungemfuata."

Na kweli kiuno kilikuwa kinaniuma, na sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Tangu siku ile tukawa marafiki, maana adui anayejua kiuno chako si wa kuchezewa. Akawa anatuletea wateja waliohitaji kweli: mabibi, wajawazito, na mabwana harusi waliokwenda kufunga kufuli la mapenzi kwenye mnyororo wa ukingoni, wakatazama chini, wakazimia.

Mafanikio yake makubwa kikazi ni lile jambo la kofia, ambalo siku hizi hufundishwa waongozaji wapya. Ilikuwa sikukuu ya Mei, na ofisi zote za utalii zilikuwa zimenunua kofia nyekundu kutoka duka moja lililouza kwa bei ya chini. Mlima mzima ulikuwa mwekundu kama shamba la pilipili. Jioni, kikundi cha Dada Shao kilipoketi kula, akaona mezani mzee mmoja mnyamavu, kofia sawasawa, uso si wake.

"Mzee, wewe ni wa kikundi gani?"

"Cha bendera."

"Bendera ipi?"

"Iliyo mbele yangu. Ila hii yako nimeipenda. Unaeleza vizuri, na mayai yenu ya kuchemshwa kwenye chai yamekolea."

Mzee wetu aliyebadilishana naye alipatikana ng'ambo ya ukumbi, katikati ya watu wa Wenzhou, ameketi na mke wa yule mnyamavu, wamegawana tango. Dada Shao akamwuliza yule mama kama hakugundua kwamba huyu si mume wake.

"Niligundua kuna kitu," mama akasema. "Tangu mchana hajanibishia hata neno. Nikadhani ni hewa ya mlimani."

Na alipoambiwa abadilishane sasa, alifikiri kwanza. Hilo liliwaumiza waume wengi waliokuwa ukumbini.

Toka siku hiyo Dada Shao hakuamini tena kofia. Alibuni mwito wake. Yeye akiita "Tofu!", kikundi chake huitikia "Ina manyoya!", kwa kuwa tofu ya kwetu huku, ile jibini ya maharage ya soya, huachwa mpaka iote manyoya meupe kama paka, na mgeni akishaila mara moja, hata ukimwamsha usingizini ataitikia. Asiyeitikia si wetu, au ni wetu na ameanguka mahali. Kwa mwito huo hakupoteza mtu tena. Vikundi vingine vilijaribu kumwiga. Kimoja kiliita "Uji!" lakini watu wao hawakukubaliana uji ukoje.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu Bwana Xiang ananitumia ujumbe kwamba nafasi ya jarida inaisha.

Wiki yake ya mwisho kazini tulimwandalia karamu katika ukumbi wa kulia wa kituo. Kulikuwa na samaki wetu anayenuka, machipukizi ya mianzi na nyama iliyokaushwa, na chupa ambayo Bwana Xiang alikuwa akiificha tangu mwaka wa panya wa kalenda yetu. Tulisimama mmoja mmoja kumwinulia kikombe. Mimi nilisema machache, samaki akapoa. Baada ya hapo Zha Mingkui, mtu ambaye kwa mwaka hutumia maneno yanayotosha kujaza kijiko, akauliza swali dogo tu.

"Dada Shao, katika mawio yote uliyoyaona kileleni, yapi yalikuwa mazuri zaidi?"

Dada Shao akamaliza kutafuna. "Sijui. Sijaona hata moja."

Tukacheka. Kisha tukaona yeye hacheki.

"Unasemaje?" nikamwuliza. "Kila asubuhi uko kule na kikundi!"

"Ndiyo. Na jua linatokea nyuma yangu. Nikigeuka tu, kuna mtu atapanda uzio ili apigwe picha. Watu wangu wakiwa ukingoni siwapi kisogo."

"Na siku za mapumziko je?"

"Siku ya mapumziko mtu mwenye akili hulala."

"Lakini unavyolieleza!" akasema Bwana Xiang. "Jekundu kama pilipili iliyoiva, linaruka kutoka mawinguni kama samaki! Mimi nimekusikia na nywele zikanisimama!"

"Hivyo ndivyo alivyonifundisha mwongozaji wa kabla yangu," akasema Dada Shao. "Naye alikuwa akisimama palepale."

Tukaacha kula, tukamtazama. Yeye akatwaa kipande kingine cha mwanzi. "Msinitazame kama nimefiwa. Jua naliona kwenye nyuso za watu. Linaanza kwenye paji la uso, linashuka puani, halafu mdomo unafunguka. Likifika kwenye meno najua limetoka lote. Si haba."

Alisema si haba, lakini alisema akiitazama sahani. Na sisi tulijua anayoyajua yeye: magoti yake yamekwisha. Daktari amemkataza kupanda mlima wowote, hata wa ngazi za ghorofa. Binti yake yuko Xiamen, amejifungua, na tiketi ya treni ya Dada Shao ilikuwa imeshakatwa kwa ajili ya siku ya kwanza ya Desemba. Kileleni alikuwa amebakiwa na asubuhi moja tu, ya tarehe thelathini, na kikundi kimoja tu. Na redio ilitabiri ukungu, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Nikagonga meza. "Ataliona," nikasema. "Mimi Ling Changgen nimesema." Zha Mingkui akaniuliza kama nimeshalijulisha jua.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha akina mama kutoka Bengbu, wale wanaocheza uwanjani kila jioni kwa muziki wa kupasua masikio. Kiongozi wao aliitwa Bi Meng, mama mwenye mabega ya mpagazi na midomo myekundu, na kila mmoja wao alikuja na skafu za hariri za kupungia kwenye picha, nyingi kuliko nguo. Nilipomweleza Bi Meng habari ile, alishika kifua.

"Miaka yote hiyo jua liko nyuma yake?"

"Miaka yote."

"Basi tuachie sisi. Mume wangu nilimfanya aache sigara. Jua ni nini?"

Kanuni inasema kibendera hushikwa na mwenye leseni. Bwana Xiang anayo leseni tangu ujana wake, basi akapanda mwenyewe kutimiza kanuni. Ila mafua yalikuwa yamemkausha sauti, kwa hiyo, chini ya macho yake, kibendera na kipaza sauti nikakabidhiwa mimi. Wapo wanaosema nilivinyakua. Nilivipokea kwa haraka, ni jambo tofauti.

Alfajiri ya tarehe thelathini nikampelekea Dada Shao kofia nyekundu na koti zito la kukodi. "Vaa," nikamwambia. "Leo wewe ni mtalii."

"Na nani anaongoza?"

Nikainua kibendera.

Akakaa chini. "Jamani, watu wa Bengbu wamewakosea nini?"

Lakini lililomshtua zaidi ni machela. Zha Mingkui alikuwa ameikarabati, ameweka mto, na mbele ya mlango wa nyumba ya wageni ikawa inamngoja kama ya bibi harusi.

"Ling, mimi nimewashusha watu kwenye hicho kiti maisha yangu yote. Leo nipande mimi?"

"Magoti yako tunayajua, Dada."

"Nitatembea taratibu."

"Ukitembea taratibu utafika jua likiwa Xiamen linakungoja," akasema Bi Meng. "Dada yangu, mtalii hagombani na huduma. Panda!" Na akina mama wakampandisha, huyu mguu, yule kwapa, kama wanaingiza kabati chumbani.

Akapanda, tukamwinua. Uzito wake ulikuwa wa kapu la majani ya chai. Mzigo ulikuwa mdomo. "Ngazi ya tatu hiyo inateleza. Mingkui, usitazame miti, tazama miguu. Nani yule amebaki nyuma? Skafu ya zambarau! Mama, funga kamba ya kiatu!" Mimi nilikuwa mbele, miti mabegani, kibendera nimekichomeka kolani, kipaza sauti kiunoni, na bado nilikuwa na kazi ya kuelimisha.

"Waheshimiwa wageni," nikanguruma, "mwamba mnaouona kushoto ulisogezwa na babu yangu ili machela ipite!"

"Uongo!" ikatoka sauti kitini. "Mwamba huo—"

"Mtalii, usimkatize mwongozaji!" wakaimba akina mama.

"Na msonobari ule ulipandwa na bibi yangu, kwa kijiti cha meno!"

"Ling, nitashuka!"

"Endelea, mwongozaji, endelea!" Walikuwa wanacheka mpaka wanashikiliana. Na nikisikiliza vizuri nyuma yangu, kiti nacho kilikuwa kinatetemeka.

Tulipofika kileleni, ukungu ulikuwa mzito kama uji wa mchele. Nilinyoosha mkono, nikashindwa kujua umekwenda wapi. Watu walikuwa wengi, makoti ya kukodi yamegusana mabega, simu zimeinuliwa kupiga picha ya weupe. Tukamteremsha Dada Shao, tukamsimamisha kwenye uzio, uso mashariki. Nami nikachukua nafasi yake: mgongo kwenye uzio, uso kwa watu, kama kazi inavyotaka.

Dada Shao hakutulia hata kidogo. Aligeuka. "Yule mama wa zambarau yuko karibu mno na—"

Bi Meng akamshika kidevu, akamrudisha mashariki.

Akageuka tena. "Na yule mwenye fimbo ya simu, asipande hapo—"

Wakamrudisha. Mara nyingine akajifanya anapiga chafya, chafya ya kuzunguka mwili mzima. Bi Meng akakata shauri. "Skafu!" akaamuru, na mama wawili wakamfunga mikono ya koti kwenye uzio, moja ya waridi, moja ya kijani, akapendeza kama mbuzi wa sikukuu.

"Mnanifunga!"

"Tunakutunza. Watu wako tunao sisi. Tazama kule."

"Kule hakuna kitu!"

Na ilikuwa kweli. Hakukuwa na kitu. Weupe ule ulianza kung'aa kidogo, tukajua kwamba nyuma ya ukungu jua limeshatoka, limetoka bila kutuaga. Watu wakaanza kuguna. Kikundi kimoja kikaondoka kwenda kunywa uji, kisha kingine, kisha wale waliokuwa wamebaki kwa sababu tu hawakujua njia. Bwana Xiang akanitazama, mimi nikatazama viatu. Nilikuwa nimeahidi jua kwa jina langu kamili.

"Ling," akasema Dada Shao. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Sauti iliyofika Tunxi kwa kinyozi, sasa haikufika hata kwenye kofia yangu vizuri. "Wapeleke watu wakale, wanaganda. Mimi nimeridhika."

"Umeridhika na nini, Dada?" Bi Meng akamdaka. "Na ukungu? Ukungu hata Bengbu upo, tena wa bure." Akanigeukia. "Na wewe mwongozaji, mbona umekauka? Nani amesema tumemaliza?"

Nikavuta pumzi, nikakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Tofu!"

"Ina manyoya!" Ukungu wote ukaitikia, kutoka kila upande, na nyuma kabisa sauti ya Bwana Xiang ikikoroma kama bomba la maji.

Ndipo Bi Meng akawasha muziki kwenye simu yake. Wakacheza. Hebu fikirini, akina mama ndani ya makoti mazito ya kukodi, wanazunguka, wanapiga makofi, wanapunga skafu, kama dubu waliokula ulezi uliochacha. Zha Mingkui akacheza na mti wa machela. Bwana Xiang, mtu wa heshima, akawa anatikisa bega moja, lile lisilo na beji. Hata Dada Shao, mikono imefungwa, alikuwa anacheza magoti mabovu papo hapo, kichwa kimeinama, anacheka chinichini na kusema, "Wendawazimu ninyi, wendawazimu."

Mimi nilikuwa na mgongo kwenye bonde, kwa hiyo habari sikuipata kwa macho. Kwanza niliona paji la uso la Bi Meng limepata rangi. Nikadhani ni kucheza. Kisha pua zao wote. Kisha mmoja akaacha kuzunguka, mwingine akamgonga kwa nyuma, skafu zikashuka, na muziki ukaendelea peke yake. Nikamtazama Dada Shao. Alikuwa ameinua kichwa. Rangi ikamwanzia kwenye paji la uso, ikashuka polepole puani, ikapita kwenye mikunjo yote ambayo mlima huu umemchora, na mdomo wake ukafunguka. Nyuma yangu, kama nilivyoambiwa baadaye, ukungu ulikuwa umezama chini ya miguu yetu kama maziwa yanayoshuka chunguni, ukaacha vilele vimesimama kama visiwa, na jua juu yake.

Hakusema kitu. Mwanamke yule, hakusema kitu! Nikaogopa, nikadhani tumemuua.

"Si jekundu," hatimaye akasema.

"Ati?"

"Si jekundu, Ling! Si pilipili hata kidogo! Ni kiini cha yai la bata, lile la chumvi! Na haliruki! Nani alisema linaruka? Linapanda taratibu kama bibi mwenye magoti!" Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na sauti yake ikarudi yote, wale wa Tunxi lazima walishtuka. "Nimewadanganya watu miaka thelathini na mmoja!"

Waliokuwa wamekwenda kunywa uji wakarudi mbio, bakuli mikononi. "Limechelewa!" akalalamika mmoja wao.

"Hata mimi nimechelewa," Dada Shao akamjibu, bila kugeuka. "Ndiyo maana tumekutana."

Akakaa hapo mpaka jua likawa jua la kawaida la kuanikia nguo. Hakuna aliyemfungua, na hakuna aliyeomba kufunguliwa. Siku hiyo kikundi kilishuka bila kupoteza mtu wala kofia, ila skafu mbili zimebaki kwenye uzio, na Bi Meng amekataza zisiguswe.

Dada Shao, wafanyakazi wenzako wa kituo, wapagazi wa mizegazega, wauza matango, wapishi wa uji na sisi wa machela tunakushukuru kwa kila mtu aliyeshuka mlima huu akiwa mzima kwa sababu wewe ulikuwa ukimtazama yeye, huku kilicho kizuri kikiwa nyuma yako. Magoti yako yapumzike. Mjukuu wako anenepe mpaka binti yako aombe msaada wetu wa machela. Na bahari ya Xiamen ikuletee jua usoni kila asubuhi, bila kukodi koti. Nenda salama, Dada, na utembee ukitazama mbele.

Limebaki jambo dogo, ambalo Bwana Xiang amesema nisipoliandika mimi, yeye ataliandika kwa herufi kubwa. Tangu siku ile walinzi wa msitu wanamtafuta nyani mgonjwa huko kileleni. Watalii wengi, hata waliokuwa kwenye kilele cha jirani, walitoa taarifa kwamba jua lilipotokea walimsikia akilia kwa uchungu, akivuta makamasi, akikwama na kuanza upya, kwa mlio mkubwa usio wa kawaida. Nasikia wameshatandaza karanga vichakani na kumwita daktari wa wanyama kutoka mjini. Ndugu zangu, rudini nyumbani, mtapata baridi bure. Hakuna nyani. Nilikuwa namtazama Dada Shao usoni, na kipaza sauti nilisahau kukizima.